Kamaru Yupi?

Ukimtajia Mkenya jina la Joseph Kamaru, usishangae akikuuliza: Kamaru yupi? Wa kwanza alizaliwa mwaka 1939 huko Kangema, Murang'a, na akafariki Nairobi mwezi Oktoba 2018. Alikuwa mmoja wa wanamuziki wakubwa kabisa walioimba kwa Kikuyu, mtu wa gitaa na maneno makali, ambaye wanasiasa walimwogopa na wasikilizaji walimpenda. Wa pili ni mjukuu wake. Alizaliwa Nairobi mwaka 1997, akapewa jina la babu yake, lakini muziki wake hauna hata neno moja. Mara nyingi hauna ngoma, hauna kiitikio, na hauna mahali pa kupiga makofi. Jukwaani ameondoa irabu mbili za mwanzo katika jina la ukoo, akabaki na herufi nne: KMRU.

Insha hii inamhusu huyu wa pili: jinsi alivyoanza, jinsi alivyopata jina Ulaya, na kwa nini hatimaye akaanzisha lebo yake mwenyewe. Mimi ni Mganda niliyekulia karibu na Masaka, na ninasoma Kiswahili Kampala. Sijui Kikuyu, na sikuwahi kuwa mpenzi wa muziki wa kompyuta. Nimemchagua Kamaru kwa sababu familia yetu ililetewa swali ambalo yeye amekuwa akilijibu kwa kazi yake tangu babu yake alipofariki: sauti ya mtu aliyekufa ni ya nani, na nani ana haki ya kuiuza?

Nilimfahamu kupitia rafiki yangu kutoka Nakuru tuliyekaa naye hosteli moja. Wakati huo katika somo la tafsiri tulipewa kazi ya kumweleza msanii mmoja wa Afrika Mashariki kwa Kiswahili, bila kuchomeka Kiingereza. Wenzangu wengi walichagua waimbaji wa Bongo Fleva na taarabu. Mimi nilisimama mbele ya darasa nikafungua dakika 5 za kwanza za albamu iitwayo Peel. Mwenzetu mmoja aliinuka kukagua kama spika imeharibika. Mwingine akauliza, "Dada, huu ni muziki au ni friji?" Darasa zima likacheka, nami pia.

Lakini swali la friji lilikuwa swali zuri, kwa sababu linafika moja kwa moja kwenye namna Kamaru anavyofanya kazi. Alisoma muziki katika Chuo Kikuu cha Kenyatta. Tofauti yake na wanamuziki wengi ni kwamba kabla ya kupiga ala yoyote huanza kwa kusikiliza. Hutembea na kinasa sauti. Hurekodi barabara, ndege, mvua, mashine, nyaya za umeme, na watu wanaoongea kwa mbali. Kisha huzipeleka sauti hizo kwenye kompyuta, akazivuta na kuzirundika. Sauti ya sekunde chache inaweza kuvutwa hadi ikawa dakika nzima. Nyingine huwekwa juu yake, na nyingine tena, mpaka msikilizaji hawezi kusema hii ilikuwa nini hapo mwanzo. Kinachobaki ni kama ukungu wa asubuhi: hauoni nyumba wala mti, lakini unajua kuna kijiji humo ndani. Kwa hiyo nilimjibu mwenzetu kwamba friji nayo ina sauti, na kwamba Kamaru ni mtu ambaye angekaa kitako akaisikiliza.

Peel ilitoka mwezi Julai 2020, dunia ikiwa imejifungia ndani kwa sababu ya korona. Ilitolewa na Editions Mego, lebo ya Vienna iliyoongozwa na Peter Rehberg, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa kimbilio la muziki wa majaribio. Mwaka huohuo Kamaru alitoa pia albamu Opaquer kupitia Dagoretti Records na Jar kupitia Seil Records. Kijana wa miaka 23 kutoka Nairobi, albamu 3 katika mwaka mmoja, kila moja kwa mlango wake. Waandishi wa muziki wa Ulaya na Marekani wakaanza kuliandika jina lake.

Hapa mwalimu wetu alinisimamisha. "Umesema lebo mara nne," akaniambia. "Eleza lebo ni nini kwa mtu ambaye hajawahi kuisikia." Niliona ugumu. Lebo si studio, kwa maana studio ni mahali pa kurekodia. Si duka, wala si meneja. Lebo ni yule anayeichagua rekodi, anayelipia kazi ya kuitengeneza iwe santuri au kuiweka mtandaoni, anayeipeleka kwa wauzaji na waandishi, kisha anakata fungu lake. Pia ndiye mara nyingi anayeandika mkataba unaosema rekodi hii itakuwa ya nani na kwa muda gani. Msanii anayeanza humhitaji kama mtoto anavyohitaji mgongo wa kubebwa. Ubaya ni kwamba aliyebebwa mgongoni hachagui njia.

Baada ya hapo Kamaru alihamia Ujerumani, akajiunga na Chuo Kikuu cha Sanaa cha Berlin kusoma shahada ya uzamili katika masomo ya sauti. Mtu angeweza kusema: basi, mwingine tena amekwenda. Lakini akiwa huko Ulaya alikutana na kitu ambacho kilikuwa kimetangulia kuondoka Afrika kabla yake. Katika mji wa Tervuren, karibu na Brussels, kuna makumbusho makubwa ya Ubelgiji kuhusu Afrika ya Kati. Asili yake ni maonyesho ya mwaka 1897, Mfalme Leopold II alipowaleta Wakongo 267 wakae kwenye vijiji vya maonyesho ili Wabelgiji wawatazame. Saba kati yao walifia hukohuko. Makumbusho hayo yana vinyago, ngoma na silaha, na pia yana sauti. Wakati wa ukoloni, wasafiri, wamisionari na watafiti walirekodi nyimbo na masimulizi ya watu, kwanza kwenye mitungi ya nta, baadaye kwenye santuri na kanda. Sehemu kubwa ni sauti za Kongo, na nyingine ni za majirani zetu wa Rwanda na Burundi.

Kamaru aliifungua hifadhi hiyo ya sauti na kutokana nayo akatengeneza albamu Temporary Stored, iliyotoka mwaka 2022. Angeweza kuzisafisha rekodi hizo ziwe nyangavu. Angeweza kuzitia mdundo ili watu wazichezee klabuni, jinsi wengi wafanyavyo. Hakufanya hivyo. Alichukua vipande vya sauti hizo, wimbo hapa, mlio wa ala pale, akavizamisha ndani ya sauti zake ndefu. Sauti ya mtu inakuja, unaanza kuifuata, halafu inazama. Nilipoisikiliza usiku kwa hedifoni nilikasirika. Nilitaka kumwambia: mwache amalize! Ndipo nikaelewa. Hasira ile ndiyo hali halisi ya rekodi hizo. Zipo, ila huzifikii. Mwimbaji ana jina, ila huambiwi. Wajukuu wake wako hai mahali fulani, nao hawajui kwamba bibi yao anaimba ndani ya kabati kilomita elfu kadhaa kutoka nyumbani.

Tulipojaribu kulitafsiri jina la albamu darasani, kipindi kizima kiliisha. Wengi walipendekeza "Imehifadhiwa kwa Muda". Mwalimu akasema tuwe waangalifu na neno kuhifadhi, maana ni neno la sifa njema. Anayehifadhi Kurani ameibeba moyoni. Hifadhi ya wanyama ni mahali wanapolindwa. Je, rekodi iliyochukuliwa na mtu mwenye bunduki nyuma yake imehifadhiwa? Mwenzetu kutoka Bukavu akapendekeza neno amana: kitu alichowekewa mtu ili mwenyewe akirudi akikute. Jirani akikuachia mbuzi, mbuzi akazaa, watoto si wako. Neno zuri, lakini nalo lina kasoro, kwa sababu amana huwekwa na mwenyewe kwa hiari yake. Wale walioimba mbele ya mitungi ya nta hawakuweka chochote. Mwishowe jina tuliliacha bila tafsiri, lakini neno amana lilibaki kichwani mwangu, na baadaye lilinifaa.

Sisi Waganda tusidhani kwamba hilo ni jambo la Kongo peke yake. Klaus Wachsmann, Mjerumani aliyekuwa msimamizi wa Makumbusho ya Uganda, alizunguka nchi yetu mwishoni mwa miaka ya 1940 na mwanzoni mwa miaka ya 1950 akirekodi muziki wa makabila mengi. Rekodi hizo ziliishia London. Ilihitaji juhudi za Profesa Sylvia Nannyonga-Tamusuza wa Makerere nakala zake zirudi, na leo chuoni hapo kuna hifadhi yenye jina la Wachsmann. Mwanafunzi anaweza kwenda kuzisikiliza. Hata hivyo, kuna nyimbo zilizokaa ng'ambo zaidi ya nusu karne, na katika muda huo waliozijua walikufa, na wasiozijua wakaambiwa hawana utamaduni.

Sasa turudi kwa Kamaru. Mwaka 2023 alitoa albamu Dissolution Grip, nayo ndiyo iliyofungua lebo yake mwenyewe, OFNOT. Namna alivyoitengeneza inafaa kuelezwa. Alikuwa na rekodi zake za mazingira kama kawaida, lakini safari hii hakuziweka ndani ya muziki. Aliangalia umbo la mawimbi ya sauti hizo kwenye skrini, vilima na mabonde yanayochorwa na kompyuta, akayasoma kama noti. Kisha akaupiga mchoro huo kwa sinthesaiza. Kwa maneno mengine, unasikia sura ya mahali bila kusikia mahali penyewe. Nilipoielewa hatua hiyo niliona ni jibu kwa Tervuren. Kumbe inawezekana kujifunza kutoka kwa sauti, kuiheshimu na kuijibu, bila kuibeba na kuondoka nayo.

Kuanzisha lebo hakukuwa kuwafungia wengine mlango. Kamaru aliendelea kufanya kazi na lebo za watu. Kazi yake na Aho Ssan, iitwayo Limen, ilikuwa imetoka Subtext mwaka 2022. Mwaka 2024 zikafuata Natur, iliyotolewa na Touch ya Uingereza, na Disconnect aliyoifanya pamoja na Kevin Richard Martin. Katika Natur alitumia vifaa vinavyonasa milio ya sumaku-umeme, ile inayotoka kwenye vifaa na nyaya lakini masikio yetu hayaisikii. Usiku wa Nairobi umejaa mbwa, vyura, jenereta na mahubiri, usiku wa Berlin ni kimya, na mtu aliyezoea wa kwanza akifika kwenye wa pili lazima atafute kelele ilikojificha. Kwa hiyo si kwamba aliwachukia wachapishaji wa nje. OFNOT ilimpa kitu kimoja tu ambacho hakuwa nacho: chumba ambacho ufunguo wake uko mfukoni mwake. Kupitia chumba hicho aliweza pia kuwaalika wasanii wengine wenye asili ya Afrika, akiwemo Nyokabi Kariũki wa Kenya, nao wakaijibu hifadhi ya Tervuren kwa sauti zao, kazi ikatoka kwa jina la Temporary Stored II.

Wanaomjua Kamaru wa kwanza hawatashangaa. Mzee yule hakuwa mwimbaji tu, alikuwa mfanyabiashara wa muziki. Alikuwa na biashara ya santuri Nairobi, na rekodi zake nyingi zilitoka chini ya nembo yake mwenyewe, City Sounds. Alipoimba juu ya kuuawa kwa J. M. Kariuki mwaka 1975, hilo halikuwa jambo la kumwachia mtu mwingine akuamulie. Msanii anayesema mambo mazito anahitaji kumiliki njia ya kuyafikishia watu. Mjukuu hakurithi gitaa wala maneno. Alirithi duka.

Pia alirithi kazi ya kulinda. Baada ya mzee kufariki, mjukuu alianza kuzikusanya rekodi za babu yake na kuzipandisha mtandaoni kwenye Bandcamp, ambako msikilizaji analipia na fedha zinawafikia wenye rekodi. Mwaka 2025 lebo ya Uingereza iitwayo Disciples, kwa kushirikiana naye, ikatoa mkusanyo wa nyimbo za mzee za kuanzia mwaka 1966 hadi 2007. Tazama mpangilio wake: kwanza familia ilikusanya, ikasikiliza, ikajua ina nini. Mgeni alipokuja alikuta wenyewe wamekaa sebuleni.

Kwetu mgeni alikuja kabla hatujakaa. Jjajja yangu, baba wa baba yangu, alikuwa mpiga endingidi, lile zeze la uzi mmoja linalopigwa kwa upinde. Alipiga kwenye harusi na matanga upande wa Masaka kwa zaidi ya miaka 30. Alifariki nikiwa kidato cha pili, akaacha kaseti 23 ndani ya sanduku la bati juu ya dari. Nyingine alijirekodi mwenyewe kwa redio kaseti, nyingine alipewa na waliomwalika. Mwaka jana mtu mmoja wa Kampala alimpigia baba mkubwa akasema anawakilisha kampuni ya muziki ya ng'ambo inayotafuta rekodi za zamani. Ofa yao ilikuwa shilingi milioni 4. Mkataba ulikuja kwa Kiingereza, kurasa 6, na mimi kama msomi wa familia nikaitwa kuusoma.

Nilimtafsiria kila mtu pale sebuleni, neno kwa neno. Kampuni ingechukua kaseti zenyewe, si nakala. Ingemiliki rekodi zote, katika nchi zote, kwa muda wote, kwa njia yoyote iliyopo sasa au itakayobuniwa baadaye. Hakukuwa na fungu la mauzo, na hakukuwa na sharti la kuandika majina ya waliosikika. Nilipomaliza, baba mkubwa alikuwa wa kwanza kusema. "Kaseti ziko darini tangu mzee afe. Nani amezisikiliza? Panya. Milioni 4 ni mabati ya nyumba nzima." Hakuwa na tamaa. Nyumba anayoisema ndiyo nyumba ya jjajja mwenyewe, na inavuja katika vyumba vitatu.

Shangazi yangu, ambaye sisi tunamwita ssenga, alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Sauti ya mama imo humo." Bibi alikuwa akimwitikia mumewe kwenye baadhi ya nyimbo, na hatuna rekodi nyingine ya sauti yake. Kwa mkataba ule, kama ssenga angetaka kumsikiliza mama yake, angekuwa anaomba ruhusa kwa watu asiowajua.

Ndipo nilipolitumia lile neno la darasani. Nikawaambia kwamba kaseti hizi jjajja alituwekea amana. Mwenye amana anaweza kumruhusu mtu kuitumia, lakini hawezi kuiuza jumla kana kwamba ni yake. Nikawatenganishia mambo matatu ambayo mkataba ule uliyafunga pamoja: kaseti kama kitu, sauti iliyomo, na ruhusa ya kuitoa kwa watu. Nikawaeleza habari za Kamaru na babu yake. Tukakubaliana kuandika jibu: tutatoa nakala, kaseti zinabaki; ruhusa ni ya miaka 5, baadaye tunazungumza upya; majina ya wote wanaosikika yaandikwe; na familia ipate fungu la kila kinachouzwa. Niliandika barua hiyo, baba mkubwa akatia sahihi, ingawa mkono wake ulikuwa mzito.

Baada ya wiki kadhaa yule wakala alijibu kwa mistari miwili. Kampuni imeelekea kwenye mradi mwingine. Anatutakia heri.

Milioni 4 zikaenda hivyo. Baba mkubwa hakunigombeza, ila aliniambia jambo ambalo sijaacha kulifikiria: "Huyo Kamaru wako anaishi Berlin. Sisi tunaishi chini ya bati hili." Ni kweli, na insha kuhusu Kamaru isiyoikubali kweli hiyo haifai kusomwa. Kukataa mkataba mbaya kunahitaji mtu awe na pa kusimamia wakati anakataa. Kamaru alikuwa na ufadhili wa kisanaa wa Ulaya, maonyesho, na jina. Kamaru wa kwanza alikuwa na duka mjini. Sisi tulikuwa na ndoo 3 za kukingia maji. Haki bila kipato ni mzigo, na wengi waliouza nyimbo za wazee wao kwa bei ya gunia la sukari walijua kabisa wanachofanya.

Hata hivyo sidhani kwamba somo la Kamaru ni la watu wenye nafasi peke yao. Ukiiangalia kazi yake kwa utaratibu, hatua ya kwanza haikuwa lebo, wala Berlin, wala mkataba. Ilikuwa kusikiliza. Baba mkubwa alikuwa na haki kuuliza nani amezisikiliza kaseti zile, na jibu lilikuwa hakuna. Hatukuweza hata kumwambia mnunuzi ni nyimbo ngapi zimo. Mtu asiyejua alicho nacho ataambiwa bei na mwingine.

Basi tulianza hapo. Yule rafiki wa Nakuru aliniazima waya wa kuunganisha redio kaseti na kompyuta, nikanunua redio iliyotumika kwenye soko la Owino. Kila likizo ninarudi Masaka. Ssenga anakaa pembeni yangu na daftari, tunasikiliza pamoja, naye anataja: huu ni wimbo wa nani, harusi ya nani, anayecheka ni nani. Tumemaliza kaseti 9. Moja ilikuwa imeota ukungu na haikutoa kitu. Moja ilikuwa mahubiri ya redioni upande mmoja na jjajja upande wa pili. Nyimbo 3 ambazo kila aliyemo amejulikana, na jamaa zake wameridhia, tumeziweka mtandaoni kwa bei ndogo. Wanunuzi wengi ni Waganda walioko nje. Mauzo ya miezi minne yamenunua mabati mawili, na baba mkubwa aliyapigilia mwenyewe juu ya chumba alichofia baba yake. Alipomaliza aliuliza kaseti ya 10 itakuwa tayari lini.

Nimewahi kuulizwa na mwenzangu kwa nini mwanafunzi wa Kiswahili apoteze muda na muziki usio na maneno. Jibu langu ni kwamba sisi tunaosoma lugha tumezoea kufikiri kwamba kilichobaki ni kilichoandikwa. Kaseti ya jjajja ina kikohozi chake kabla ya wimbo, ina mvua juu ya bati, ina jogoo, ina mtu anayemwita mtoto kwa mbali. Ningekuwa nanakili maneno tu ningevikata vyote hivyo kama takataka. Baada ya kumsikiliza Kamaru sivikati. Mara nyingine jogoo yule ndiye anayemwambia ssenga kwamba ilikuwa asubuhi ya harusi ya dada yake, si ile ya jirani.

Sasa tuko kwenye kaseti ya 10. Kuna wimbo mmoja ambapo mwanamke anaitikia kwa sauti ya juu sana, nzuri kuliko zote nilizosikia humo, na si bibi. Ssenga hamjui. Baba mkubwa hamjui. Ndio wimbo ambao ungeuzika haraka kuliko yote, na ssenga amekataa usiwekwe popote mpaka mwenye sauti ajulikane au watu wake wapatikane. Baba mkubwa amemuunga mkono, jambo ambalo sikulitegemea. Huko Kyotera yuko mzee aliyekuwa akimpigia jjajja ngoma. Wanasema macho yameisha lakini masikio bado. Jumapili nitampelekea redio.